Gazoni ya siku 19 na udongo wa sentimita 5

Mama mwenye nyumba alinipigia simu Jumatano saa 12 asubuhi, kabla sijanywa chai. Salamu zilikuwa fupi. "Fundi, njoo uone. Majani imekufa yote, na Jumamosi watu wa mahari wanaingia." Hilo neno "yote" sikulichukua kama lilivyo. Mtu aliyelipia majani pesa nyingi hutangaza msiba mgonjwa akiwa bado anahema. Nikachukua kisu, ndoo ndogo na nondo yangu ya milimita 6 yenye urefu wa nusu mita, nikapanda pikipiki.

Kisa chenyewe kilitokea Goma, mashariki mwa Kongo, katika mtaa wa Les Volcans, kwenye kiwanja kilichopitiwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002. Asiyeujua mji wetu aelewe jambo moja tu: siku ile Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilishusha moto hadi katikati ya mji, ukapita madukani na majumbani mpaka ukaingia ziwani. Lava ilipopoa, sehemu kubwa haikuhamishwa. Watu waliivunja vunja juu, wakaisawazisha, wakajenga juu yake, tena kwa mawe yake yenyewe. Kwa hiyo uani mwa Mama ukichimba hukuti udongo wa asili. Unakuta kile kilicholetwa na kamio (lori), halafu mwamba.

Uwanja wa majani, yaani gazoni, ulikuwa na mita 12 kwa 5, yaani mita za mraba 60. Upande wa kusini kuna ukuta wa mawe meusi ya lava, mrefu kuliko mtu. Kaskazini kuna veranda ya nyumba, mashariki geti. Majani yalikuwa kikuyu, yale ya malisho ya juu, yaliyokatwa kwa beleshi katika vipande vya sentimita 30 kwa 40 na kuteremshwa kutoka milima ya upande wa Masisi. Vipande 500 hivi. Vilitandikwa mwisho wa Mei, kwa sababu mwenye nyumba alitaka mvua iishe kwanza ili kazi iwe safi, bila matope. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, ingawa si lile lililoniitisha. Huku kwetu mvua kubwa hupungua Mei na kiangazi hushika Juni mpaka Agosti. Ukitandika mwishoni mwa Mei umejipa deni la maji la miezi 3. Ungetandika katikati ya Septemba, mbingu ingekumwagilia bure.

Nilipofika, mtu wa kwanza kuniongelesha hakuwa Mama bali Muzee, yule santineli wa geti, ambaye ndiye anayemwagilia. Alinivuta pembeni kabla sijaweka ndoo chini. "Fundi, mie siibake maji. Bidoni zote sita, kila mangaribi, namwangaka." Kumbe kesi ilikuwa imeshakatwa: majani yamekauka, basi Muzee anauza maji. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, analeta bidoni (madumu) 6 za lita 20 kila alasiri, Mama analipa, na kama majani yanakauka maji yanaenda wapi?

Nilizunguka uwanja mara 2 bila kugusa kitu. Nawashauri wenzangu wafanye hivyo hivyo; ukianza kuchimba mapema unaona ulipochimba tu. Mwendo wa pili ulinionyesha kwamba hakukuwa na tatizo moja. Kwenye ukuta palikuwa na mkanda wa majani makavu kama ya kuezekea, upana wa hatua moja, umenyooka kama umepigwa rula. Katikati majani yalikuwa na kijani kilichofifia, cha kijivujivu, na majani yenyewe yamejikunja kwa urefu. Nilipokanyaga, nyayo zangu zilibaki pale pale, hayakuinuka. Karibu na geti kulikuwa na vipande vya njano kimoja kimoja, kila kimoja na kona zake nne, na jirani yake mzima kabisa. Chini ya veranda, palipotakiwa kuwa pabichi kuliko pote, majani yalikuwa meusi, yanateleza, na yananuka kama maji ya muhogo uliolowekwa.

Ugonjwa wa majani, kuvu kwa mfano, hutambaa kwa duara au kwa mabaka yasiyo na umbo. Haujui rula. Unapoona mstari ulionyooka au mraba wenye kona, tafuta mkono wa mtu.

Nikaanza na sehemu ya katikati, kwa sababu ndiyo kubwa. Nilichagua kipande, nikaingiza vidole kwenye kiungo chake na kuinua. Kilikuja chote, kama zulia la mlangoni. Siku ya 19! Kikuyu iliyotandikwa vizuri inaanza kushika ndani ya siku 10 hadi 14. Ukivuta kipande katika wiki ya tatu kinatakiwa kukugomea. Hiki kilikuja mkononi bila hata kupasuka. Mizizi ilikuwepo, nyuzi nyeupe za sentimita moja, zimetokeza chini ya kipande kisha zikaishia hewani. Nikaweka kiganja pale kipande kilipotoka. Udongo ulikuwa vumbi, na juu yake kuna alama za visigino vya mafundi, zimekauka zikawa vishimo. Kipande kilikuwa kimelala juu ya kingo za nyayo hizo, na katikati yake kulikuwa na nafasi ya hewa unayoweza kupitisha kalamu. Mzizi hauruki pengo. Ukifika hewani unakauka ncha.

Chini ya kipande cha pili nilikuta kifuniko cha chupa ya bia. Sikusema kitu, nilikitia mfukoni.

Basi nikamwita Mama na Muzee pamoja, nikaandika hesabu kwa chaki kwenye sakafu ya veranda. Lita moja ikimwagwa kwenye mita moja ya mraba ni milimita moja ya maji. Bidoni 6 za lita 20 ni lita 120. Ukizigawa kwa mita 60 unapata milimita 2. Udongo mkavu wa aina ile hubeba karibu milimita 2 za maji katika kila sentimita moja ya kina. Maana yake maji ya Muzee, hata akimwaga yote bila kubakiza tone, yanalowesha sentimita 1. Kipande chenyewe cha majani kina unene wa sentimita 4. Kwa siku 19 maji hayakuwahi kutoka nje ya kipande kwenda kwenye udongo wa chini. Tena jua la Juni pamoja na upepo wa ziwa vinanyonya karibu milimita 4 kwa siku kutoka kwenye majani. Wanaingiza 2, zinatoka 4.

Mama aliitazama chaki kwa muda. "Kwa hiyo ilitakiwa bidoni ngapi?"

"Kumi na tano kila siku, Mama, kwa wiki mbili za kwanza. Na siku ya kutandika, zaidi ya hizo."

Hakumwomba Muzee msamaha mbele yangu. Aliingia ndani, na baadaye kidogo dada wa jikoni akamletea Muzee chai ya maziwa na mkate. Katika nyumba ile, hiyo inatosha.

Kulikuwa na jambo jingine kuhusu umwagiliaji lililonisumbua kuliko wingi wa maji. Muzee alikuwa anainamisha bidoni na kumwaga kwa mdomo wake. Kwenye viungo kati ya vipande palikuwa na vishimo vilivyochimbwa na maji, na udongo uliojaza viungo ulikuwa umesombwa. Pengo likishafunguka, kingo za kipande hukauka, hujikunja juu, pengo linazidi. Tulichukua kopo kubwa la maziwa ya unga, tukalitoboa chini kwa msumari mdogo, matundu 40 hivi, na tangu siku ile maji yakapita humo. Kazi inachelewa mara 3, ndiyo. Muzee alilalamika kuhusu mgongo, tukamtafutia kijana wa kubeba.

Saa ya kumwagilia pia tuliibadili. Alikuwa anamwaga jioni kwa sababu chukudu inafika alasiri, si kwa sababu nyingine. Usiku wa Goma ni wa baridi na unyevu wa ziwa. Jani lililolowa saa 12 jioni linabaki limelowa mpaka jua litoke, na hapo kuvu ina saa 12 za kufanya kazi yake kwa raha. Tulimwambia mwenye chukudu aendelee na saa zake, maji yakae kwenye mapipa ya lita 200, yamwagwe alfajiri.

Sasa ukuta. Hapa ndipo nondo inapoingia, na kama una bustani juu ya lava naomba uwe na nondo. Unaisimamisha, unaisukuma kwa mkono mmoja mpaka inagonga jiwe, unashika kwa kidole usawa wa udongo, unapima. Nilipima kila baada ya hatua moja, mistari 4 kutoka ukutani hadi verandani. Katikati ya uwanja nilipata sentimita 18, 17, 20. Vizuri sana, nisingetegemea. Nilipokaribia ukuta, 9. Kisha 6. Kisha 5. Mahali pamoja nondo iliingia 3 tu ikalia kling, nikadhani ni kokoto, nikahamisha, ikalia tena. Mgongo wa mwamba ulikuwa unapita chini kwa chini sambamba na ukuta, na waliosawazisha udongo waliufunika kwa blanketi jembamba ili uso uonekane umenyooka. Kwa macho uwanja ulikuwa sawa kama meza. Chini ulikuwa mteremko.

Udongo wa sentimita 18 unaweza kuhifadhi milimita 30 na kitu, maji ya wiki nzima. Wa sentimita 5 unahifadhi milimita 10 ukijaa pomoni. Kwa matumizi ya milimita 4 kwa siku, siku ya tatu majani yanaomba. Na pale ukutani matumizi hayakuwa 4. Juni jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta ule wa kusini ulikuwa unatazamana nalo mchana kutwa. Mawe meusi. Niliweka kiganja ukutani saa 9 alasiri nikakiondoa upesi. Majani yalikuwa yanapikwa kutoka mbele na kutoka chini.

Bwana wa nyumba, aliyekuwa amerudi kula, alikuwa na nadharia ambayo wengi mjini wanayo: "Mawe ya Goma inakunywa maji. Ongeza tu." Ni kweli nusu. Mwamba una nyufa, na maji yakifika kwenye nyufa yamekwenda, huyaoni tena. Lakini hayafiki huko mapema kama watu wanavyodhani. Udongo laini unayashika maji kwa vinyweleo vyake, na ukiwa juu ya mawe yenye nafasi kubwa hauyaachii mpaka ujae kabisa. Kama sponji juu ya wavu: halidondoshi tone mpaka lishibe. Kwa hiyo kumwaga bidoni 10 pale ukutani kwa mkupuo ni kushibisha sponji nyembamba na kutupa kilichobaki. Mwaga kidogo mara 3 kwa siku, hilo lingewezekana. Nani angemwaga saa 6 mchana kila siku mpaka Septemba?

Ushauri wangu ulikuwa wa kikatili na ninausimamia: pasipo udongo pasiwe na gazoni. Tuondoe mkanda wa sentimita 80 kando ya ukuta wote, mita 12, tuweke changarawe nyeusi. Karibu mita za mraba 10 zinatoka kwenye deni la maji kwa siku moja. Mama alikataa. Alikuwa ameshaona kichwani mwake picha ya majani yanayogusa ukuta. Tulibishana mpaka nikamwambia tuongeze udongo basi, sentimita 10, tuinue na uwanja wote uende sawa. Alipopiga hesabu ya kamio moja zaidi na mkono wa watu, changarawe ikawa nzuri.

Vile vipande vya geti vilikuwa kitendawili kwa dakika 10 hivi. Nondo ilitoa sentimita 16. Udongo haukuwa na tofauti na wa jirani. Viungo vilibanana kuliko kwingine. Nikamuuliza Muzee vilitandikwa lini. Kamio lilifika Ijumaa jioni, likamwaga vipande vyote kwenye rundo kando ya geti. Jumamosi walitandika mpaka giza. Jumapili watu walikwenda kusali. Jumatatu wakamalizia. "Nilitia mukono ndani ya ile rundo Jumatatu asubui," alisema, "ilikuwa na moto kama ugali."

Hapo hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Majani yaliyokatwa yanaendelea kupumua, na yakilundikwa joto la kupumua halina pa kutokea. Rundo linajipika kutoka ndani. Vipande vya nje ya rundo vilipona kwa sababu vilipigwa na hewa, vya katikati viliungua, na kwa kuwa vilichukuliwa ovyo ovyo, vikaishia kuchanganyika kama karata. Ndiyo sababu ya njano kimoja kimoja. Kwa hali ya hewa ya joto, kipande kilichokatwa kitandikwe ndani ya saa 24. Kama Jumapili lazima isaliwe, na isaliwe, basi vipande vitandazwe kivulini kimoja kimoja, majani juu, vinyunyiziwe. Au kamio lije Jumatatu.

Lakini njano si kifo, na hapa kikuyu ina bahati yake. Ina mashina yanayotambaa juu ya udongo na mengine chini, yenye vifundo, na kila kifundo kinaweza kutoa mzizi na jani jipya. Nilipasua mashina kwa ukucha. Ndani yakiwa meupe na yenye maji, kipande kipo hai hata kama juu ni njano tupu. Yakiwa ya kahawia na yanavunjika kama kijiti cha kiberiti, kimekwenda. Katika vipande 70 vya upande ule, 31 vilikuwa vimekwenda. Tulivitoa. Vingine tuliviacha na sura yao mbaya. Kama majani yangekuwa paspalum, ambayo hutambaa polepole, ningetoa zaidi.

Nimeiacha veranda mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonichekesha. Palikuwa na maji mengi wakati uwanja mzima una kiu. Niliinua vipande, mizizi ilikuwa ya kahawia na inabanduka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Nondo iliingia sentimita 6, ikagonga kitu ambacho hakikulia kling ya jiwe, kililia do. Nikachimba kwa kisu. Sima, yaani saruji. Bamba la sima upana wa meza ya kulia, mahali ambapo waashi walikorogea mota walipokuwa wanapiga plasta ya veranda. Walipomaliza walifunika kwa udongo, na nani angejua? Bamba lilikuwa na ukingo ulioinuka kidogo pande zote, yaani sahani. Na kila asubuhi dada wa jikoni anasugua veranda kwa maji na sabuni ya unga, kisha anayafagia yaanguke pale pale chini. Sahani inajaa maji ya sabuni, haivuji, mizizi inakosa hewa, inaoza. Dada alipoelewa alijishika mdomo. Nilimwambia hana kosa, maji lazima yaende mahali. Afagie kuelekea upande wa mfereji tu.

Tulilivunja bamba kwa nyundo na patasi, likajaza toroli 3. Shimo hatukuwa na muda wa kulijaza vizuri, maana ilikuwa Alhamisi jioni. Mama alitandika busati juu yake, na Jumamosi viti vya wazee wa upande wa mwanamume vikawekwa hapo hapo, juu ya shimo. Hakuna aliyejua.

Kabla ya Jumamosi hiyo kulikuwa na jaribu moja. Jirani, mtu mwema, alileta mfuko wa urea na kusema ukinyunyiza leo, Jumamosi ni kijani. Mama alinitazama kwa matumaini. Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni, na inavuta maji kama chumvi. Ukiitupa juu ya majani yenye kiu na yasiyo na mizizi inanyonya hata maji yaliyobaki ndani ya jani, na Jumamosi ungepata rangi ya chai. Nilimshukuru jirani, nikauweka mfuko stoo. Tuliutumia baada ya wiki 6, gramu 10 kwa kila mita ya mraba, nusu kilo kwa uwanja mzima, tukamwagilia mara moja baada ya kurusha.

Kazi ya Alhamisi na Ijumaa ilikuwa ya maji na uzito. Udongo uliokauka kabisa unakataa maji, yanakimbia juu yake kama juu ya jani la muhogo, kwa hiyo katikati tulimwaga kwa awamu 3, tukisubiri robo saa kati ya awamu, jumla bidoni 30. Baada ya hapo tuliviringisha pipa lililojazwa maji nusu, kwenda na kurudi, ili vipande viguse udongo. Palipogoma tuliweka ubao na mtu mnene akasimama juu. (Mtu mnene alikuwa mimi.) Viungo tulivijaza udongo uliochekechwa, tukausukuma kwa vidole. Usivute kipande kufunika pengo. Unafungua jingine upande wa pili.

Wageni waliobaki walikaa kwenye sakafu ya banda la gari, chini ya hema. Niliomba majani yasikanyagwe, na Mama alitangaza hivyo kwa sauti ya kutosha. Lakini mahari ilipokubaliwa wanawake walitoka kwa vigelegele na ngoma, na ngoma haiwezi kuchezewa kwenye sakafu ya mita 4. Dakika 20. Jumapili mchana nilikuta matundu ya viatu vya visigino kila mahali, ambayo hayana madhara makubwa, na vipande kama 20 vilivyoteleza sentimita 2 au 3 kutoka mahali pake, ambavyo vina madhara, kwa sababu mizizi iliyokuwa imeanza kugusa ilikatika. Vikarudishwa, vikabanwa, hesabu ya siku ikaanza upya kwa hivyo 20.

Kwa wiki 2 zilizofuata uwanja, ambao sasa ni mita 50, ulipata bidoni 12 hadi 13 kila alfajiri. Muzee alijifunza kuinua kona ya kipande, kila asubuhi mahali tofauti, na kuniambia kwa simu: "Leo imelowa mpaka kidole cha pili." Kipimo hicho kilinitosha. Kona zilipoanza kumgomea, tuliachia: kila baada ya siku 2, lita 8 kwa mita, halafu kila baada ya siku 3, lita 12. Kupunguza mara na kuongeza wingi ndiko kunakoiita mizizi iende chini. Ukiendelea kuilisha juu kila siku haina sababu ya kushuka.

Kosa langu sasa. Siku ya 36 majani yalikuwa na sentimita 9 na nikasema yakatwe. Kanuni ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja, tukapanga yabaki 6. Nilijaribu kuvuta vipande vya katikati, vikagoma, nikaridhika. Upande wa geti sikuujaribu. Kijana alikuja na fyekeo, lile tunaloita kupekupe, halikuwa limenolewa, na butu haikati, inavuta. Vipande 4 vya geti viliruka. Kijana alinitazama akidhani nitamgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Tulivirudisha, nikanoa kupekupe mwenyewe, geti likasubiri wiki 2 zaidi.

Shimo la veranda lilipata udongo mpya na vipande vipya mwezi Agosti, na likashika upesi kuliko pote, labda kwa sababu lilikuwa na sentimita 20 zilizolainishwa vizuri.

Mvua zilirudi Septemba. Oktoba nilipita kuchukua toroli langu, Mama akanishika mkono akanipeleka ukutani. Kikuyu ilikuwa imeingia kwenye changarawe. Mashina yametambaa juu ya mawe meusi kama nyuzi za cherehani, yakaweka mizizi kwenye vumbi lililokusanyika kati ya kokoto, na katika sehemu mbili yalikuwa yamefika kabisa, yanagusa ukuta.

"Si ulisema hapa haiwezi?"

Niliinama nikaingiza nondo. Sentimita 5. Nikamwambia, Mama, tuonane Juni.